Saini Kwanza, Ngumi Baadaye

Usiku wa Julai 19, 1986, Tim Witherspoon alipanda ulingoni katika uwanja wa Wembley, London, akiwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu wa WBA. Mpinzani wake alikuwa Frank Bruno, kijana wa nyumbani, na uwanja mzima ulikuwa upande wa Bruno. Witherspoon alistahimili kelele na makonde kwa raundi kumi, na katika raundi ya 11 akamchakaza mwenyeji hadi pambano likasimamishwa. Alirudi Marekani na mkanda wake. Hesabu zilipofungwa, Bruno aliyepigwa alikuwa amelipwa takriban dola 900,000. Witherspoon aliyeshinda aliondoka na dola 90,000 na ushei.

Mkataba wake ulikuwa umetaja kiasi kikubwa kuliko hicho mara kadhaa. Kabla hazijamfikia, fedha hizo zilipitia makato ya kila aina, na kubwa kuliko yote lilikuwa fungu la meneja. Meneja huyo aliitwa Carl King. Promota wa pambano aliitwa Don King, baba yake mlezi. Witherspoon alikwenda mahakamani, akavutana nao kwa miaka, na mwisho shauri likamalizwa kwa makubaliano ya kumlipa fidia.

Nimeanza na Witherspoon kwa sababu alishinda. Tunapozungumzia uchafu wa ngumi za kulipwa, tumezoea kuzungumzia mapambano yaliyouzwa na majaji walionunuliwa, na kweli hayo yapo. Lakini hapa hakuna aliyemwonea ulingoni. Refa alifanya kazi yake, aliyepigwa alipigwa kihalali, na bado mshindi alipunjwa. Alikuwa amekwisha kushindwa wiki nyingi kabla, mezani, kalamu ikiwa mkononi. Ndiyo maana nashikilia kwamba mageuzi ya mchezo huu yaanzie kwenye mkataba, na yaanzie kwa bondia mdogo. Mikanda na vyeo vya dunia vitafuata.

Tuwaangalie watu wanaokaa kwenye meza hiyo. Promota ndiye anayeweka fedha: anakodi ukumbi, anatafuta wadhamini, anauza tiketi na haki za televisheni, kisha analipa mabondia. Kila shilingi anayomlipa bondia inatoka kwenye faida yake, na hilo si kosa, ndiyo biashara yenyewe. Kwa sababu hiyo bondia anahitaji mtu wa kuvutana na promota kwa niaba yake, na huyo ndiye meneja. Kati yao kuna mpangaji wa mapambano, anayeamua nani akutane na nani. Akiwa mwaminifu atauliza umri, uzoefu, uzito wa kawaida wa mtu asipojikondesha, na lini alipigwa KO mara ya mwisho. Ila mara nyingi mshahara wake unatoka kwa promota, kwa hiyo swali linaloletwa kwake ni jingine: nani anaweza kuletwa akampa kijana wetu raundi nne nzuri bila kumharibia rekodi?

Meneja akila chungu kimoja na promota, bondia amebaki peke yake mezani, hata kama kiti cha pembeni yake kina mtu.

Wajanja wa biashara hii waligundua mapema kwamba mtaji mkubwa wa promota ni saini za mabondia. Mwaka 1949 Joe Louis, bingwa wa uzito wa juu tangu 1937, alikuwa anastaafu huku serikali ya Marekani ikimdai kodi nyingi. Tajiri wa Chicago, James D. Norris, na mwenzake Arthur Wirtz wakaingia naye katika mpango. Louis awaendee wapiganaji wanne waliokuwa na nafasi ya kumrithi, yaani Ezzard Charles, Jersey Joe Walcott, Lee Savold na Gus Lesnevich, awasainishe mikataba ya kupigana chini yake peke yake, kisha mikataba hiyo aikabidhi. Kwa kazi hiyo alipewa dola 150,000 taslimu pamoja na hisa katika kampuni mpya, International Boxing Club. Kabla hata konde moja halijarushwa kugombea kiti kilichoachwa wazi, kiti kilikuwa kimeshapata mwenyewe, na mwenyewe huyo hakuwa bondia.

Norris na Wirtz walikuwa pia na kumbi kubwa na mikataba ya televisheni, hivyo bondia aliyekataa kusaini kwao alikosa ukumbi, akakosa kuonekana, akakosa pambano la ubingwa. Nyuma ya pazia alikuwapo Frankie Carbo, mhalifu aliyewamiliki mabondia kwa siri kupitia mameneja wa jina tu, na ambaye mwaka 1961 alihukumiwa kifungo cha miaka 25. Namna mambo yalivyokwenda ilielezwa na Jake LaMotta mwenyewe mbele ya kamati ya Seneti mwaka 1960: kwamba mwaka 1947, katika Madison Square Garden, alikubali kushindwa na Billy Fox ili aahidiwe nafasi ya kugombea ubingwa. Nafasi hiyo aliipata mwaka 1949, na hata hapo alisema alilazimika kutoa dola 20,000. Huyu alikuwa mmoja wa wapiganaji wakali kabisa wa uzito wa kati duniani, na kipaji chake peke yake hakikutosha kumfungulia mlango.

Serikali ya Marekani ilikwenda mahakamani. Mwaka 1955 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba ngumi ni biashara kama nyingine na zinabanwa na sheria ya kuzuia ukiritimba, na mwaka 1959 ikathibitisha amri ya kuivunja himaya ya Norris. Ni ushindi uliostahili kushangiliwa. Lakini mahakama ilivunja kampuni moja, haikugusa mikataba ya mapromota wengine. Njia ya Norris ilibaki pale pale, ikingoja mtu mwingine wa kuipita.

Wapo wengi walioipita, na Don King ndiye aliyeipita kwa kishindo. Sisi wa Afrika tunamkumbuka kwa Kinshasa. Mwaka 1974 aliwasainisha Muhammad Ali na George Foreman kwa ahadi ya dola milioni 5 kila mmoja, fedha ambazo hakuwa nazo. Akiwa na saini hizo mbili alizunguka kutafuta wa kulipa, hadi serikali ya Mobutu ikakubali kubeba mzigo. Pambano la Oktoba 30 lilipigwa mnamo saa kumi alfajiri ili watazamaji wa Marekani walione kwa saa zao. Uwanja ulikuwa wa Wazaire na fedha zilikuwa za Wazaire, na saa ilichaguliwa kwa ajili ya wengine.

Mbinu yake iliyowaumiza mabondia wengi zaidi ni ile ya kufunga mapambano ya mbele. Ukitaka kupigana na bingwa wangu, anasema promota, saini kwanza kwamba ukimshinda mapambano yako yajayo ni yangu. Bondia mwenye njaa ya ubingwa hawezi kukataa. Matokeo yake promota hashindwi kamwe, kwa sababu kona zote mbili ni zake. Februari 11, 1990, jijini Tokyo, James “Buster” Douglas alimwangusha Mike Tyson katika raundi ya 10, jambo ambalo karibu hakuna aliyelitarajia. King alikuwa na mkataba na wote wawili. Saa chache baadaye alikuwa akidai kwamba refa alihesabu taratibu Douglas alipoanguka katika raundi ya nane, hivyo matokeo yatazamwe upya. Promota wa bingwa mpya alikuwa anapigania kumvua ubingwa mtu wake mwenyewe! WBA na WBC kwanza zikasita kumtambua Douglas, na dunia ilipokasirika zikarudi nyuma. Douglas na King waliishia mahakamani.

Kusita huko kunatuleta kwenye vyama vinavyotoa mikanda. WBA, WBC, IBF na WBO vinaishi kwa ada zinazokatwa kwenye malipo ya mabondia wanaogombea mikanda yao, kwa hiyo mapambano ya ubingwa yakiongezeka, mapato yao yanaongezeka. Orodha zao za ubora ndizo zinazoamua nani agombee, na kwa miaka mingi orodha hizo hazikuwa na maelezo. Mwaka 1999 rais wa IBF, Robert Lee, alishitakiwa kwa kupokea rushwa ili kupandisha watu. Baraza la wazee wa mahakama lilimfutia mashitaka makubwa, likamtia hatiani kwa kutakatisha fedha na kukwepa kodi. Katika uchunguzi huo promota Bob Arum alikiri kwamba alitoa dola 100,000 ili pambano la Foreman na Axel Schulz la mwaka 1995 lipate baraka za chama. Mwaka 2001 ikagundulika kwamba WBO ilimpandisha bondia Darrin Morris mara mbili kwenye orodha yake ilhali alikuwa amefariki dunia mwaka uliotangulia. Familia yake ilikuwa imeshazika.

Aibu za namna hiyo, zilizokuwapo kabla hata ya hiyo ya Morris, ndizo zilizozaa Sheria ya Muhammad Ali ya Mageuzi ya Ngumi, iliyosukumwa na Seneta John McCain na kutiwa saini na Rais Bill Clinton Mei 26, 2000. Ilijengwa juu ya sheria ya mwaka 1996 iliyohusu usalama, ile iliyomtaka kila bondia awe na kitambulisho na kumzuia aliyesimamishwa kwa sababu za afya jimbo moja asiende kupigana jimbo jingine. (Wakenya hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Robert Wangila, aliyewaletea dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul mwaka 1988, alifariki Las Vegas mwaka 1994 siku mbili baada ya pambano.) Sheria ya mwaka 2000 iligusa mkataba. Promota akatakiwa kumwonyesha bondia wake mapato anayoyapata kutokana na pambano kabla hajachukua chochote. Masharti ya kufunga mapambano ya mbele yakawekewa kikomo cha miezi 12. Meneja akakatazwa kuwa na maslahi katika kampuni ya promota, na promota katika biashara ya meneja. Vyama vya mikanda vikatakiwa kutangaza vigezo vya orodha zao na kueleza mabadiliko.

Naiona kuwa sheria bora kuliko zote zilizowahi kutungwa kwa ajili ya mtu anayelipwa kwa kupigwa. Kipengele cha mapato ndicho moyo wake. Bondia anayejua kwamba televisheni imelipa kiasi gani anavutana kwa akili. Asiyejua anaomba tu.

Ina mapengo mawili yanayoniuma. La kwanza ni kwamba haikuweka msimamizi wa taifa zima. Usimamizi ulibaki kwa kamisheni za majimbo, ambazo nazo hushindania mapambano makubwa kwa ajili ya mapato, na McCain alijaribu tena na tena kuunda chombo kimoja cha taifa bila kufanikiwa. Mara nyingi bondia aliyepunjwa ndiye anayelazimika kutafuta wakili na kufungua kesi. La pili ni baya zaidi: ule ukuta kati ya meneja na promota unawahusu tu mabondia wanaopigana mapambano ya raundi 10 au zaidi. Wa raundi nne, wa raundi sita, wa raundi nane, wote wako nje ya ukuta. Ndio hao wasio na wakili, ndio wanaosaini juu ya boneti la gari, na ndio wengi.

Sasa hata ukuta huo mfupi unataka kubomolewa. Fedha za Saudi Arabia zimeubadilisha mchezo kwa kasi. Kupitia Turki Alalshikh, ofisa wa serikali ya nchi hiyo, Riyadh ilifanikisha mapambano yaliyoshindikana kwa miaka, likiwamo lile la Mei 18, 2024 ambapo Oleksandr Usyk alimshinda Tyson Fury na kuwa wa kwanza kushika mikanda yote minne ya uzito wa juu. Mashabiki walifurahi, nami nilifurahi. Kisha mwaka 2025 Saudi Arabia ikashirikiana na TKO, kampuni inayomiliki ligi ya mapigano mchanganyiko ya UFC, kuanzisha ngumi za mfumo mpya, na mwaka huo huo ukawasilishwa bungeni Marekani muswada wa kuiongezea Sheria ya Ali aina mpya ya chombo: kampuni moja inayoruhusiwa kuandaa mapambano, kutunga orodha ya ubora na kutoa mikanda yake. Muswada una mambo mema, hasa kima cha chini cha malipo kwa kila raundi na bima ya matibabu, na mjane wa Ali, Lonnie, ameuunga mkono. Lakini kiini chake ni kuwaweka pamoja wale ambao sheria ya mwaka 2000 iliwatenganisha. UFC imeendeshwa hivyo miaka yote, nje ya Sheria ya Ali, na wapiganaji wake waliishitaki mwaka 2014 kwa kubana soko na malipo yao. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 375 kumaliza shauri hilo. Kiasi hicho kinatosha kutuonyesha nani hunufaika pale mlipaji, mpangaji na mgawaji wa mikanda anapokuwa mtu mmoja.

Haya yanatuhusu hapa Tanzania kuliko tunavyodhani, kwa kuwa ngumi zetu zina matatizo hayo hayo katika umbo dogo. Kwa miaka mingi nchi ilikuwa na vyombo kadhaa vya ngumi za kulipwa kwa wakati mmoja, TPBO, PST, TPBC, na promota aliyebanwa huku aliweza kukimbilia kule. Kuunganishwa kwa usimamizi chini ya kamisheni moja, TPBRC, kuliziba njia hiyo. Televisheni nayo ilileta wadhamini, kumbi zikajaa, na majina kama Hassan Mwakinyo na Twaha Kiduku yakawa ya nyumbani kwa kila mtu. Fedha zimeingia. Swali la Witherspoon limeingia pamoja nazo.

Nenda kwenye zoezi la kupima uzito, siku moja kabla ya pambano. Mzani umewekwa sakafuni, daktari yuko mezani na kipimo cha presha, vijana wa mitandao wamenyanyua simu. Bondia wa pambano kuu anafika na kundi lake, fulana zote zina jina la mdhamini. Bondia wa utangulizi ameshuka kwenye bodaboda na kocha wake. Midomo imemkauka kwa sababu amekuwa akikimbizana na kilo, na akishuka tu kwenye mzani anafungua chupa ya maji. Wanasimamishwa uso kwa uso na mpinzani wake, wanapigwa picha. Kisha utamwona amesogea pembeni kwa mtu wa promota, anauliza kwa sauti ya chini:

“Kaka, ile salio vipi?”

“Kesho mdogo wangu, usiwe na wasi. Watu wakiingia mlangoni, unamaliziwa.”

Katika majibizano hayo kuna mkopo. Kijana ametanguliziwa sehemu ya malipo, na iliyobaki imefungwa kwenye tiketi ambazo hazijauzwa. Mvua ikinyesha, hasara ni yake. Promota ndiye aliyechagua ukumbi, tarehe na bei ya kiingilio, lakini anayebeba hatari ya kukosa mapato ni mtu wa raundi sita, ambaye hakuulizwa lolote na hataona kitabu cha hesabu. Bondia mwenye jina ana silaha: anagoma kuvaa glovu mpaka fedha zisome kwenye simu, na hata mashabiki wakimzomea, atalipwa. Wa utangulizi akigoma, nafasi yake inachukuliwa na mwingine aliyekaa hapo hapo na begi lake.

Hadithi ya Mwakinyo inasimuliwa kama ya kishujaa, na ni ya kishujaa kweli. Septemba 8, 2018 aliingia Birmingham kwa taarifa fupi kama mbadala, akampiga Sam Eggington, aliyewahi kuwa bingwa wa Ulaya, ndani ya raundi mbili. Kijana wa Tanga aliyeletwa kunyanyua rekodi ya mwingine akaigeuza meza. Ila tusisahau mabondia wengi wa Afrika Mashariki waliopita njia hiyo na meza haikugeuka. Mtu anapigiwa simu, anakubali uzito asiouzoea, hana muda wa maandalizi, anapigwa, anarudi. Kipigo hicho kinaandikwa kwenye rekodi yake, rekodi inashusha bei yake, na bei hiyo ndiyo inayomfanya aitwe tena. Meneja mwaminifu angekataa simu hiyo. Anayepewa chake na aliyepiga simu hawezi kukataa.

Ninachokitaka kwa kamisheni ni ukurasa mmoja, ugongwe muhuri pamoja na kibali cha kila pambano, na pasipo ukurasa huo kengele isigongwe. Uandikwe kwa Kiswahili. Juu kabisa liandikwe jina la promota na jina la meneja, na chini yake tamko la kila mmoja kwamba hapati chochote kutoka kwa mwenzake, lenye adhabu ya kufungiwa likibainika kuwa la uongo. Ifuate jumla ya malipo ya bondia na kila kitakachokatwa, kwa tarakimu, kisha kiasi kitakachobaki mkononi mwake. Iandikwe kwamba fedha zote za mabondia zimeshawekwa kwenye akaunti ya amana kabla ya siku ya kupima uzito, na zitatolewa baada ya pambano, ukumbi ukijaa au usijae. Iandikwe nani anagharimia matibabu akiumia, na tarehe ya pambano lake la mwisho pamoja na jinsi lilivyoisha. Pambano likionyeshwa kwenye televisheni, kiasi ilicholipa kionekane hapo, bondia akisome kabla ya kutia saini. Nakala moja abaki nayo.

Mapromota watasema hili litawaua. Nimewasikia, na baadhi yao ni watu wanaoupenda mchezo na wamepoteza fedha zao ndani yake, si wezi. Kwao nina jibu la kweli: asiyeweza kuweka amana ya mapambano kumi aandae matano. Vijana kumi watakaokosa nafasi siku hiyo watakuwa nyumbani wakiwa wazima, wakingoja tarehe nyingine, na hilo ni bora kuliko kupigwa kwa mkopo. Wadhamini pia watakuja kwa wingi zaidi panapokuwa na hesabu za kusomeka.

Na tusianze na pambano kuu. Marekani ilianzia juu, kwenye raundi 10, na robo karne baadaye walio chini bado wanangoja. Hapa ukurasa huo uanze kujazwa kwa mapambano ya raundi nne, yale yanayopigwa saa mbili usiku watu wakiwa bado wanatafuta viti.